Kila Mtu Abaki Alipo

Chakula cha kuangalizia mpira kina masharti yake, na mimi nayajua yote kwa sababu nimeolewa kwenye nyumba ya mpira. Kiliwe kwa mkono mmoja, maana ule mwingine una kazi: kurushwa hewani, kushika kichwa, kumpiga jirani begani. Kiliwe bila kutazamwa. Kisichuruzike kwenye nguo, na kisidai sahani, kwa sababu sahani kwenye bustani ile huwa zinaruka. Sharti la mwisho nililiongeza mimi mwenyewe siku ya fainali: kiwe tayari chote kabla refa hajapuliza filimbi.

Siku hiyo sikuwa na mpango wa kukaa jikoni hata kidogo. Golini alikuwa anasimama mdogo wangu.

Mimi ni msusi. Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alihamia kwangu, kwenye chumba cha nyuma ya saluni, na humo ndimo alimojifunzia kudaka. Nilikuwa simpi kitu mkononi, namrushia. Sabuni, kitana, bunda la nywele za kusukia, vyote alidaka huku ananisimulia umbea wa shuleni, na hakuna kilichowahi kugusa sakafu. Sasa timu ya wanawake ya mji wetu imefika fainali, inachezwa huko mbali, na kipa ni yeye. Nami sikuwa nimemwona akicheza hata mara moja. Robo fainali nilikuwa nakaanga viazi. Nusu fainali nilikuwa nakaanga sijui nini, nakumbuka moshi tu.

Asubuhi alinipigia simu.

"Dada, leo nikisikia mafuta yanachachatika nyuma yako, undugu umekwisha."

"Leo hakuna mafuta. Kila kitu baridi."

"Uniangalie mimi, siyo sufuria. Halafu uniambie ukweli. Hawa wengine wananisifia hata nikilala golini."

"Nikiona umelala nitakwambia umelala."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Basi nikaingia kazini kama mtu anayetoroka gereza kwa mipango. Nilichemsha mayai, nikayaponda na pilipili manga, nikayabana kwenye mikate, nikakata pembe tatu na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu ili mkate usikauke. Mapaja ya kuku niliyachoma kwenye oveni mapema, yakapoa, kila paja na mfupa wake wa kushikia. Viazi vidogo nilivichemsha na maganda, nikavichoma vijiti vya meno. Tikiti nililikata vipande virefu, ganda likabaki kama mpini. Bisi nikazitia kwenye karatasi zilizosokotwa. Juisi ya ndimu niliigandisha kwenye chupa, kwa hiyo hata barafu hakuna mtu angenituma. Vyote nikavipanga kwenye meza ndefu bustanini, nikavifunika kwa neti ya kuzuia nzi. Wifi yangu alipita akasimama, mikono kiunoni.

"We msusi, leo umepika au umefunga mizigo?"

"Nimefunga mizigo. Nahamia mbele ya televisheni."

"Nikuwekee kiti?"

"Cha mbele kabisa. Nataka kuona hata jasho lake."

Kabla sijaendelea niwaeleze sheria ya nyumba ile, maana bila hiyo mtadhani wakwe zangu ni watu wabaya, na wabaya siyo. Baba mkwe tunamwita Kocha, ingawa maisha yake yote aliendesha lori. Kocha anaamini kwamba goli haliingii kwa mguu wa mchezaji peke yake. Linaingia kwa sababu ulimwengu mzima, kwa nukta hiyo, umekaa sawasawa. Kwa hiyo timu yetu ikifunga, kila mtu abaki alipo mpaka filimbi ya mwisho. Aliyekaa akae. Aliyesimama asimame. Shemeji yangu mmoja aliwahi kutazama kipindi kizima akiwa juu ya ngazi, kwa sababu goli lilimkuta anarekebisha antena. Wifi yangu yeye aliinuka kwenda msalani tukiwa tunaongoza, tukafungwa, na tangu siku hiyo anaitwa Mkosi. Anaitwa hivyo na mumewe, anaitwa hivyo na wauza mboga. Hata mimi namwita hivyo, na yeye huitika.

Usicheke. Ukiishi humo muda mrefu, nawe unaanza kuangalia umeweka wapi mguu.

Wageni walikuja wakajaa, na mimi nyumba ikijaa ndipo napumua. Televisheni ilitolewa nje ikawekwa kwenye meza, mgongo wake ukielekea dirisha la jikoni, kwa sababu ya kivuli na kwa sababu waya wa umeme ulipitishwa dirishani humo humo. Nilikaa kiti cha mbele. Refa akapuliza filimbi, kamera ikawa bado haijafika golini kwetu, mara mama mkwe akatafuna kiazi, akakunja uso.

"Mwanangu, viazi hivi havina chumvi."

Kweli havikuwa na chumvi. Katika mipango yote ile, chumvi nilisahau.

"Mpira ndiyo kwanza unaanza," akasema mume wangu, fundi wa mafriji, mtu mpole kupita kiasi. "Kimbia tu, mke wangu. Utarudi hawajagusa hata kona."

Nikakimbia. Nikaingia jikoni, nikafungua kabati la kando ya dirisha, mkono ukagusa kopo la chumvi, na bustani ikalipuka.

Sijawahi kusikia watu wakifurahi vile. Viti vilianguka. Mtu alipiga mluzi hadi mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Nami nikaruka peke yangu kati ya friji na sinki, kopo mkononi, nikigeuka kutoka nje, ndipo nikasikia sauti ya Kocha ikipaa juu ya zote.

"Kila mtu abaki alipo!"

Nikasukuma mlango. Haukusogea. Nikasukuma kwa bega.

"Nani kaegemea mlango?"

"Mimi, shemeji," ikajibu sauti ya jirani yetu, mfyatua matofali, mwili wake kama tofali lenyewe. "Goli limenikuta nimeegemea. Samahani sana."

"Sogea nipite."

"Nisogee? Unataka nizikwe leo?"

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kifuani kwa mama mkwe, kwa sababu siku za wageni wengi haamini mtu. Nikaenda dirishani. Dirisha lina nondo. Mbele ya nondo, mgongo mweusi wa televisheni, wenye vumbi na matundu ya kupitishia joto. Na nyuma ya televisheni, bustani nzima imeniangalia mimi, au ndivyo ilivyoonekana: nyuso zote kwangu, macho yote hayanioni.

"Baba," nikaita. "Mimi niko jikoni."

Kocha akainua shingo, akaniona, akafurahi kama aliyeokota kitu. "Mkwe wangu! Goli limekukuta humo?"

"Nimefuata chumvi."

"Basi kaa hapohapo. Hapohapo, mama. Mungu akubariki."

"Baba, yule golini ni mdogo wangu."

"Ndiyo! Kwa hiyo wewe hasa ndiye usisogee."

"Na chumvi?"

"Pitisha dirishani."

Nikapitisha kopo la chumvi kati ya nondo. Lilipokelewa, likazungushwa mkono kwa mkono, wakanyunyiza viazi vyangu, wakala, wakavisifia.

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amebaki amepiga goti moja, maana goli lilimkuta anaokota kizibo cha chupa.

"Vumilia kidogo, mke wangu. Ni mpira tu."

"Kama ni mpira tu, njoo ukae wewe humu."

"Ningekuja. Lakini goti."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, ndivyo nilivyo, nikiona watu wanacheka mdomo unafunguka wenyewe. Halafu nikageuka nikaona jikoni. Hakukuwa na hata kijiko cha kuosha. Nilikuwa nimefanya kazi zote ili nisiwe humu, sasa nimo humu na sina hata kazi ya kunishika mkono. Friji ikawa inavuma. Bomba likadondosha tone, likafikiri, likadondosha lingine.

Mngeuliza, kwa nini hukupiga kelele, hukuvunja mlango? Nitawaambia, na msinicheke tena. Niliogopa. Nilisema moyoni kwamba huu ni upuuzi wa wazee, halafu nikaangalia chini nikaona miguu yangu imerudi yenyewe palepale ilipokuwa goli lilipoingia, nami sikuihamisha. Je, kama ni kweli? Je, nikitoka humu mpira ukampita? Nani atakayenivumilia, na mimi nitajivumiliaje? Kufungiwa na jirani mzito ni jambo moja. Hili lingine lilinishika kwa ndani.

Aliyenisaidia ni Mkosi. Goli lilimkuta ameketi nyasini chini kabisa ya dirisha, shingo ameipinda ili aone televisheni kwa upande. Akawa ananitangazia kwa kunong'ona. Shida ni kwamba Mkosi mpira haujui.

"Wifi, sasa yule mrefu kamsukuma yule wa mistari ya pembeni. Refa kamnyima."

"Kamnyima nini?"

"Sijui. Lakini kakasirika, na nywele zake zimefumuka. Nani kamsuka yule?"

"Siyo mimi. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yupo golini anapiga makofi. Zile nywele ulizombania kisogoni zimekaa kama malkia. Ngoja, wanakuja, wanakuja..."

Akanyamaza. Na hapo ndipo niligundua namna ya kuangalia. Mama mkwe alifunika mdomo kwa kanga. Kocha aliinua mikono nusu, akaacha. Mume wangu akafumba macho, mtu mzima, kwenye goti lake. Kisha nyuso zote kwa pamoja zikafunguka, na jirani mlangoni akapiga ubao kwa kisogo.

"Kaupangua!" Mkosi akapiga kelele. "Wifi, karuka kama paka! Mkono wa kushoto!"

"Wa kushoto? Una hakika?"

"Au wa kulia. Kwenye televisheni si vinageuka?"

Ndivyo ilivyoenda. Mdogo wangu aliruka, nami nilimwona kwenye meno ya mama mkwe. Alidaka kona, nami nilijua kwa sababu mabega ya Kocha yalishuka. Nilikuwa mtu pekee pale aliyeangalia upande wa pili wa mechi, watu wazima wakitafuna bila kujua wanatafuna nini. Mapumziko hayakusaidia. Kocha alipiga marufuku hata kunyoosha miguu, na chakula kikapitishwa kwa mikono, paja kwa paja. Mkosi alinirudishia sandwichi moja dirishani, kama mfungwa anayeletewa mkate. Niliila. Ilikuwa tamu. Ilinichoma zaidi.

Kipindi cha pili, nyuso zikavunjika ghafla, zote, kama mtu kazima taa.

Nikauliza, "Wamesawazisha?" Mkosi akaitikia kwa kichwa bila kunigeukia.

"Siyo kosa lake," akanong'ona baadaye. "Mpira umegonga mguu wa beki wetu ukageuka."

Lakini Kocha hakuwa akimtafuta mwenye kosa uwanjani. Alimtafuta bustanini. Akahoji mmoja mmoja. Nani alisogea? Jirani akaapa hajasogea, ila alinyoosha mkono kuchukua bisi. Mume wangu alionyesha goti, limetoka alama za nyasi. Mwisho Kocha akageukia dirisha.

"Mkwe wangu, nisamehe kuuliza. Umefanya nini humo ndani?"

"Nimekaa kwenye stuli, Baba. Miguu inauma."

Bustani nzima ikashusha pumzi. Goli letu lilinikuta nimesimama.

"Simama, mwanangu," mama mkwe akaniambia, na alisema kwa upole, akiniombea kabisa. "Simama kwa ajili ya mdogo wako."

Nikasimama. Nikafika hata kufungua kabati na kuweka mkono pale kopo lilipokuwa, mahali patupu, nikasubiri hivyo. Muda wa kawaida ukaisha. Muda wa nyongeza ukaanza. Mkono ukafa ganzi. Nje walikuwa wengi, wanapumua pamoja, mabega yanagusana, na mimi niliyewalisha wote nimesimama nikishika hewa ndani ya kabati.

Ikaja penalti.

Mkosi akaacha kutangaza. Nilihesabu kwa nyuso tu: furaha, huzuni, furaha, huzuni. Mara moja huzuni ikaja zamu yetu, nikajua tumekosa; mara moja furaha ikaja zamu ya wapinzani, nikajua amedaka mmoja. Nikapiga kelele peke yangu, mkono bado kabatini. Kisha zamu yetu ya mwisho, nikasikia wakisema mpigaji ni yule beki aliyegeuza mpira, nyuso zikafunguka mapema na hapohapo zikafa.

"Katoa nje," Mkosi akasema. "Wifi, sasa wakifunga hii, basi. Kabaki yeye peke yake."

"Kakaaje?"

"Nani?"

"Mdogo wangu. Kakaaje?"

Mkosi alitazama. "Anaangalia kwenye kamera," akasema. "Yaani anatuangalia sisi."

Nikautoa mkono kabatini.

"Jirani," nikasema mlangoni, "sogea."

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Kipindi hiki?"

"Sogea."

"Kocha ataniua."

Nikasukuma. Ilikuwa ni kusukuma ukuta. Ndipo nikasikia nyasi, na sauti ya Mkosi imeshasogea upande wa mlango. Alikuwa ameinuka. Yeye, wa kwanza bustani nzima.

"Mkosi! Rudi chini!" Kocha akanguruma.

"Baba, mimi tayari ni Mkosi. Mtaniongezea jina gani?" Kisha kwa jirani: "Na wewe, toka mlangoni kabla sijakumwagia juisi. Mtu ana damu yake pale golini, wewe umemziba kama gunia."

Sijui alimvuta shati au alimfinya. Mlango ukafunguka, nikatoka kwa kasi ya kuanguka, nikapita katikati ya miguu ya watu, mama mkwe akaita jina la Mungu, nikapiga magoti mbele ya televisheni karibu kuigusa.

Nikamwona.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Goli lilikuwa pana nyuma yake, upana wa kijinga. Nywele nilizombania zilikuwa zimetoka upande mmoja. Akapiga glovu zake, akainama, mpigaji akakimbia, mdogo wangu akaenda kulia, mpira ukaenda kushoto.

Yote ilikuwa ni hiyo. Mechi nzima, ndiyo niliyoiona.

Nyuma yangu hakuna aliyelia wala kutukana. Nilisikia viti vikigeuzwa, watu wakiacha nafasi zao, wakijinyoosha. Walikuwa wameipa televisheni mgongo. Mimi sikugeuka. Kwanza sikuthubutu kuona nyuso zao, na pili mdogo wangu alikuwa bado anaonekana, pembeni ya picha, nyuma ya wapinzani wanaoshangilia.

"Nani alikuruhusu kutoka?" Kocha aliuliza hatimaye. Hakufoka. Ingekuwa afadhali.

"Baba, alikuwa peke yake pale."

"Alikuwa peke yake na tulikuwa tumemshikilia sote. Wewe ndiye uliyemwachia."

Mume wangu aliinuka goti linalia, akataka kusema kitu, akasema, "Mzee, jamani," akaishia hapo. Mkosi alisimama karibu yangu, mikono kiunoni, akingojea naye atukanwe. Hakuna aliyehangaika naye. Mwenye zamu nilikuwa mimi.

Matangazo yalikuwa yamepita mengi simu ilipolia mfukoni mwangu. Niliiangalia, kila mtu akajua ni nani, na bustani yote ikatega sikio.

"Dada."

"Nipo."

"Uliona?"

Ningeweza kusema niliona yote. Nilikuwa na ushahidi wa kutosha, ningemwelezea kila mpira kwa nyuso za watu. Lakini aliniomba ukweli.

"Nimeona penalti ya mwisho."

"Na ile ya kipindi cha kwanza? Niliyoipangua kwa mkono mmoja?"

"Sikuiona."

"Ile ya muda wa nyongeza? Mtu alibaki na mimi tu, dada, mimi na yeye tu."

"Sikuiona, mdogo wangu. Goli letu lilinikuta jikoni. Walinibakisha humo."

Nyuma yake nilisikia milango ya makabati ya chuma na mtu anakohoa.

"Kwa hiyo kati ya zote," akasema, "ukaniona nikifungwa."

"Nimekuona ukifungwa. Ulienda mapema. Ungemsubiri kidogo ungeidaka."

Mama mkwe akavuta pumzi kwa hofu.

"Halafu nimekuona unatembea," nikaendelea. "Hukwenda kwa kocha wenu, hukulala chini. Ulikwenda moja kwa moja kwa yule beki aliyekosa. Alikuwa amejifunika shati. Ukamvua shati usoni, ukamfuta kwa glovu, ukamwambia neno, akacheka. Katikati ya kulia, akacheka. Ulimwambia nini?"

Akaanza kulia. Alijizuia kutwa nzima na sasa akashindwa. "Uliona hiyo?"

"Kwa macho yangu."

Nikainua uso. Walikuwa wananiangalia wote, safari hii mimi kweli. Kocha alitazama televisheni, ambayo sasa inaonyesha tangazo la rangi za nyumba, kama vile angeweza kuirudisha nyuma. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Waligeuka haraka mno.

"Muulize," akasema Kocha, akikwaruza koo. "Muulize alimwambia nini."

"Mwanangu," mama mkwe akaingilia, mkono begani kwangu, "ongea, lakini wageni watataka chai. Watu wamefiwa."

"Jikoni hakuna mtu sasa, Mama," nikasema. "Mlango uko wazi."

Akasimama kidogo, akanisoma, kisha akamwita mwanawe mwenye goti amsaidie kubeba birika. Mimi nikakaa nyasini vizuri, nikanyoosha miguu mbele ya watu wote. Mkosi akakaa ubavuni kwangu, sikio karibu na simu, maana umbea hauachwi hata kwenye msiba.

"Usikate," nikamwambia mdogo wangu. "Nisimulie mechi. Yote."

"Nianzie wapi?"

"Mliposhuka kwenye basi."

Akajifuta pua. "Tulishuka," akasema, "yule beki akasahau viatu vyake ndani..."